Kibuyu Kilicholazwa Mferejini

Jumamosi, 3 Machi 1956

Miezi saba na siku nne tangu nitoke Kaloleni. Mgongo umekufa kwa kukata miwa. Moyo uko hai: nataka kumwoa Jumwa, binti wa Mzee Chome, mgema wetu wa minazi hapa Msambweni. Leo mzee ametangaza mbele ya wakata miwa wote kwamba hampi binti yake mnywaji wa tembo tamu. La asubuhi ni la wanawake, alisema. Mwanamume hunywa la jioni, lililokwisha kuchacha. Baya, mkata miwa mwenzangu, akanitazama, akacheka. Shetani! Anajua. Tembo kali kwangu ni kumeza siafu.

Jumapili, 4 Machi

Nilimwambia mzee kwamba tembo tamu ninalonunua ni la shangazi yangu mgonjwa. Akanipa pole. Baya akauliza: shangazi yupi, ndugu yangu, na watu wako wote wako Kaloleni? Nikasema amekuja. Sasa Jumwa anataka kumpelekea uji. Shangazi amerudi kwao ghafla.

Jumatano, 7 Machi

Mpango mpya. Safi kabisa! Jumamosi jioni napeleka posa, na lazima ninywe mbele ya mzee. Nitanunua tamu alfajiri. Kwa macho, tamu na kali yote ni meupe. Najua tembo huchacha kwa joto, si mjinga mimi. Kibuyu nitakilaza mferejini, majini. Baridi italibembeleza, lisinzie.

Jumapili, 11 Machi

Kichwa! Jana nilishika mrija kwa madaha, nikavuta nusu kibuyu kwa pumzi moja. Halikuwa limesinzia. Wanasema nililia. Wanasema nilimkumbatia Baya nikamwita shangazi. Kisha nikakiri yote: tamu ndilo langu, kali silitaki, hata mfereji nikautaja.

Jumwa akakitwaa kibuyu, akavuta mrija hadi kikakauka, akajipangusa mdomo. Akamwambia babake: lile la jioni unalodai kila siku kwamba linamalizwa na nyuki, baba, nyuki hao ni mimi. Baya akasahau kucheka. Mwishowe mzee akasema basi, angalau nyumbani mwenu hamtagombania kibuyu kimoja. Akaniambia nikawalete wazee wangu.

Amenikubali! Kichwa kinauma kwa raha.

Jumatano, 14 Machi

Mnyapara amenipa ruhusa ya kwenda Kaloleni kuwaita wazee. Kwetu nitasema Jumwa hunywa tamu tu, kama mwanamke mwenye adabu, na kali ni langu. Nani atajua?

Mama nampelekea kibuyu cha tamu, limegemwa leo asubuhi. Safari ya siku mbili, lakini nimekizungushia majani mabichi ya mgomba, na mdomo nimeuziba kwa nta. Haitoki hata pumzi. Nitakipakata njia nzima. Kimeanza kunguruma kidogo, na nta inavimba. Nadhani ni baridi.

Nitafika Ijumaa jioni.