Mbasa wa Mzee Placidi

Jumatatu, 14 Julai
Mtihani wa vitendo ni Alhamisi. Nikifaulu, mimi Mansuetus ni tabibu. Nikifeli, nabaki chuoni hapa Mbinga wenzangu wakivaa majoho. Haiwezekani! Baba keshatangaza kanisani kule Chiwanda kwamba mwanawe ni daktari. Watu wameanza kumpigia simu kuulizia dawa.

Sekela, tunayesoma naye darasa moja, anafanya mazoezi kila jioni. Anawahoji wapishi, anawapima presha wafagiaji. Leo ameomba anipime na mimi. Nimekataa. Kujipendekeza tu.

Jumanne, 15 Julai
Nimepata njia! Wagonjwa wa mtihani si wagonjwa. Ni watu wa vijijini waliofundishwa kuigiza ugonjwa, nasi tunawahoji mpaka tuugundue, mwalimu kakaa pembeni anatoa alama. Mmoja wao ni Mzee Placidi wa Mpepai. Nimemfuata kwake kwa bodaboda, nimembebea samaki, mbasa mkubwa aliyetumwa na mama kutoka ziwani. Shikamoo, habari za mashamba, habari za kahawa. Mzee kafurahi, kanitajia kila kitu: ataigiza vidonda vya tumbo. Sekela aendelee na wafagiaji wake.

Jumatano, 16 Julai
Nimepumzika. Akili nayo inahitaji kupumzika.

Alhamisi, 17 Julai
Balaa! Nimeingia, nimeamkia vizuri. Mzee Placidi, badala ya kushika tumbo, kasimama, kanishika mikono yote miwili, kashukuru kwa samaki wa juzi. Eti hajala mbasa mtamu vile tangu Pasaka, na kichwa kampelekea mkwewe. Nikamkonyeza. Akauliza kama jicho linaniuma. Mwalimu Hildegardi akataka kujua ni samaki gani huyo. Mzee ni mtu wa kanisa, hafichi. Kaeleza yote, hata kwamba alinitajia ugonjwa ili nisihangaike. Kisha kaniombea alama za ukarimu. Nilitamani ardhi ipasuke.

Ijumaa, 18 Julai
Nimefeli. Sekela kafaulu, kaja kunipa pole na kujitolea kunifundisha. Nimemwambia sina nafasi.

Mwalimu Hildegardi kaniita ofisini. Nitarudia mwezi ujao, na hiyo ndiyo nafasi ya mwisho. Kasema siku nikiletewa mtoto anayetetemeka kwa homa, hakutakuwa na mtu wa kuninong'oneza ugonjwa wake. Imeniuma sana. Baba kapiga simu, nimemdanganya kuwa matokeo bado. Nimeona aibu. Nimekaa nikalitafakari kosa langu kwa kina. Samaki alikuwa mkubwa mno. Ningempelekea dagaa, mzee angewasahau.

Jumatatu, 21 Julai
Habari njema! Kwenye marudio hakuna mzee yeyote. Mgonjwa ni sanamu la plastiki. Halina mdomo wa kunichongea! Anayeliandaa na kujua litaumwa nini ni Bwana Tarsisi, fundi wa chumba cha mazoezi. Mchana nimempelekea jogoo. Kapokea kwa mikono miwili. Safari hii nimechagua mtu kwa makini. Chuo kizima kinamsifu: ukimtendea wema, hasahau.