Nilivyokuwa Serikali kwa Nusu Siku

Jumatatu, 8 Septemba

Nimealikwa kwenye mkutano wa tabianchi! Sikualikwa hasa. Nimeitwa kupeleka viti arobaini, kwa kuwa kukodisha viti na maturubai ndiyo kazi yangu hapa Bagamoyo. Lakini kutoka mwenye viti hadi mwenyekiti si safari ndefu.

Habari yenyewe: Dada Wahida, wa asasi moja ya Dar, anaendesha mafunzo ya siku tatu kuhusu namna mataifa yanavyojadiliana juu ya joto la dunia. Mwishoni atachaguliwa mtu mmoja kuwasemea watu wa pwani kwenye kikao cha Dodoma. Atakayesema vizuri Dodoma huenda akaingizwa kwenye msafara wa mkutano wa dunia. Ndege! Suti! Mimi!

Kikwazo: lazima utoke kwenye kikundi. Mpaka alasiri nimeshakianzisha. Jumuiya ya Walinzi wa Bahari, Hewa na Vinginevyo. Mwenyekiti: mimi, Mikdad. Mweka hazina: mke wangu Adila. Katibu: shemeji yangu Abuu. Bado hawajaambiwa.

Mpinzani: Bi Mwanvita wa Kaole. Kikundi chake kinapanda mikoko ufukweni mwaka wa tisa huu. Kina wanachama wa kweli. Naona si haki.

Jumanne, 9 Septemba

Fedheha! Dada Wahida ameeleza kwamba kwenye mkutano wa dunia wanaokubaliana ni serikali. Asasi, wanasayansi, wafanyabiashara, vijana, wote ni waangalizi. Wanakaa nyuma. Wanashauri, wanalalamika kwa adabu, na wakibahatika wanapewa dakika mbili za kusema. Nikauliza kama mwenyekiti wa Jumuiya naye hukaa nyuma. Akasema hata yeye hukaa nyuma, na amekwenda mara tatu. Ila waangalizi, akasema, ndio wanaozikumbusha serikali zilichoahidi mwaka juzi.

Kukumbusha! Adila hunikumbusha ahadi zangu kila siku, na sijaona anayempandisha ndege.

Kesho tunaigiza mkutano. Tumechota vikaratasi. Bi Mwanvita: nchi kubwa ya viwanda. Mzee Salumu, muuza barafu wa soko la samaki: nchi ya visiwa vidogo. Mwalimu Abdulazizi: nchi inayochimba mafuta. Mimi: asasi ya kiraia.

Sikukubali. Nikamwamkia Mwalimu shikamoo, nikamnong'oneza kwamba kiti cha asasi kipo chini ya feni. Akabadilishana nami bila swali. Nimelala mchana nikiwa serikali.

Jumatano, 10 Septemba

Siku tukufu! Dada Wahida ametufundisha kwamba jambo hupita pale tu ambapo hakuna anayepinga. Nikauliza: nchi moja ikigoma, yote yanakwama? Akasema mara nyingi ndivyo. Heri angenificha.

Nikapinga aya ya kwanza ya makubaliano. Nikapinga mkato. Nikapinga neno "lazima", nikataka "ikiwezekana". Walipoandika "ikiwezekana", nikaipinga nayo.

Ndipo Mzee Salumu akasimama. Hakushika karatasi. Akasema hivyo visiwa alivyopewa havijui, lakini kaburi la mama yake analijua. Lilikuwa hatua sitini kutoka majini. Sasa ni kumi na moja.

"Sikuja kuwaombeni huruma," akasema. "Naomba jibu tu. Nimhamishe mama, au maji mtayazuia?"

Nikalia, Mungu shahidi. Dada Wahida akauliza kama yupo anayepinga. Mkono wangu ukanyanyuka wenyewe. Mazoea!

Saa nane ikafika. Pilau ikafika. Dada Wahida akatangaza kwamba hailiwi mpaka tuafikiane, maana huko duniani nako wajumbe hupitiliza muda hivyohivyo. Harufu ya bizari ikaingia dirishani. Macho yote kwangu. Mwalimu Abdulazizi, kutoka chini ya feni, akanikumbusha nilichoahidi asubuhi, kwamba nchi yangu haitamchelewesha mtu. Asasi hizi!

Bi Mwanvita akavuta kiti kando yangu. Nilidhani atanigombeza. Akaniuliza taratibu nchi yangu inaogopa nini. Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikasema inaogopa kwamba mafuta yakiachwa, na yenyewe itaachwa. Akaandika hapohapo: nchi zitakazoacha mafuta zisaidiwe, wafanyakazi wake wasitupwe, na nchi kubwa, yaani yeye, itangulie kuchangia visiwa. Chini akaongeza: "Mkutano unatambua busara ya Mheshimiwa Mikdad."

Nikakubali kabla hajaweka nukta. Makofi! Vigelegele! Wakakimbilia pilau, wakaniacha nimesimama nikingoja kupigwa picha.

Alhamisi, 11 Septemba

Uchaguzi. Safari hii kura. Bi Mwanvita thelathini na tatu, Mzee Salumu tano, mimi mbili. Moja ni yangu. Nimezunguka ukumbi mzima kuitafuta ya pili. Ya Bi Mwanvita! Eti kujipigia mwenyewe ni aibu. Sikumwelewa.

Balaa jingine. Dada Wahida amekutana na Adila sokoni, akampongeza kwa kuwa mweka hazina. Adila amejiuzulu palepale, na samaki mkononi. Abuu amejiuzulu kumuunga mkono dada yake. Jumuiya imebaki na umoja kamili.

Jumamosi, 13 Septemba

Bi Mwanvita ametualika sote Kaole kupanda mikoko kabla hajaondoka. Nilikwenda na Adila, kwa ajili ya picha. Maji yalikuwa yamekupwa, tope hadi magotini. Nikapanda safu mbili upesi kuliko wote, nikainua mikono kama bingwa. Kumbe miche yote nimeichomeka kichwa chini. Mzee Salumu alicheka mpaka akakaa kwenye tope. Adila ndiye aliyecheka zaidi. Nikacheka na mimi, siwezi kukana. Tukaing'oa, tukapanda upya pamoja, akina mama wakiimba.

Bi Mwanvita amesema Dodoma atafungua kwa swali la Mzee Salumu, neno kwa neno. Mzee akamwomba atangulize salamu kwanza, wasije wakasema watu wa pwani hawana adabu.

Jumapili, 14 Septemba

Nimetafakari. Adila anasema kosa langu ni kiburi. Hapana. Kosa ni la utaratibu. Wenye neno la mwisho ni nchi. Basi dawa ni kuwa na nchi.

Mbele ya Kaole, maji yakipwa, huibuka fungu la mchanga. Jeupe, safi, halina mwenyewe. Nimeshushwa hapa asubuhi kwa mtumbwi na nimetangaza uhuru. Jamhuri ya Visiwa vya Mikdad! Kisiwa ni kimoja, lakini wingi una heshima. Mwenye mtumbwi nimempa Wizara ya Mambo ya Nje. Amekwenda kuvua.

Sasa nahutubia mataifa. Nimeanza kwa kudai dunia ichukue hatua haraka. Maji yamefika visiginoni. Hotuba imebakiza kurasa nne.