Nukta Zilizokimbilia Ukingoni

Jumatatu, 3 Juni
Profesa katangaza: Ijumaa atasikiliza mada yangu na ya Miwani, mwenzangu wa ofisi. Atakayemridhisha atapewa ajira ya kudumu. Miwani ana akili, tabia isiyovumilika. Mimi nina nadharia ya hisabati! Kila fanksheni changanuzi ndani ya duara, nasema, ni mfululizo wa viini rejeshi. Kila nukta ina kiini chake. Ukikipa fanksheni, kinakurudishia thamani yake pale pale. Kitu kiaminifu kuliko Miwani. Nukta nimezichagua mwenyewe, zikiukimbilia ukingo wa duara. Zinapendeza.

Jumanne, 4 Juni
Hatua moja ya uthibitisho imegoma. Nimeandika “ni dhahiri”. Mama kapiga simu kuuliza habari za ajira. Nikasema tayari nimeipata. Kapiga vigelegele, kakata simu ili awaambie mashangazi.

Jumatano, 5 Juni
Miwani kaomba kuziona nukta zangu. Jasusi! Nimemwambia kwa upole kwamba mada zimehamishiwa chumba cha chini, karibu na stoo. Akashukuru sana. Roho ilinisuta hadi chai ilipofika.

Ijumaa, 7 Juni
Nilifika ukumbini mapema. Maji hadi vifundoni. Bomba lilipasuka jana. Karani akashangaa sijui kwamba mada zimehamishiwa chumba cha chini, karibu na stoo. Nikateremka mbio, soksi chapachapa. Profesa alikuwa akimsifu Miwani kwa kuwahi.

Nikawasilisha. Vizuri, nadhani. Kisha Miwani akauliza kama ipo fanksheni isiyo sifuri, ila kwenye nukta zangu zote inatoa sifuri. Nikasema haiwezekani. Akaomba chaki. Akaiandika kwa mstari mmoja.

“Kaka, hii utaipataje?”

Akaeleza kwamba nukta zangu zinauwahi ukingo haraka mno, hazitoshi kuibana. Viini vyangu vyote vinaiona sifuri. Mfululizo wangu hauifikii hata kwa dawa. Profesa akataka kujua hiyo “dhahiri” ni dhahiri kwa nani. Nikatazama soksi. Ajira kapewa Miwani.

Jumamosi, 8 Juni
Nimemweleza Mama. Kasema basi nile, nilale. Afadhali angenifokea.

Jumapili, 9 Juni
Miwani kaja nyumbani. Anasema kosa linatibika: nizipunguze kasi nukta, nizisambaze, tuandike makala pamoja, jina langu litangulie. Mtego, bila shaka! Nimekataa kwa heshima. Dawa yangu ni bora: nimeongeza sharti kwamba fanksheni yake hairuhusiwi. Nadharia imesimama wima. Kesho namwendea Mkuu wa Kitivo, maana nasikia Profesa amechoka na angependa kupumzika. Nimesikia kwangu mwenyewe, lakini nimesikia.