Nafasi ya Wajerumani

Jumatatu, 4 Agosti

Dada Kache, mwalimu, kaja asubuhi. Hata chai hakunywa. Kasema uwanja wa marehemu baba, hapa Ganjoni, Mombasa, umekaa bure miaka miwili tangu malori yake yauzwe, na mimi nimekaa bure nao. Neno kali hilo! Nikamkumbusha kwamba ni mimi, Tsuma, niliyeugeuza kuwa kambi ya magari ya kulala, yale ambayo watu husafiri na kitanda na jiko lao humo humo. Akauliza magari yako wapi. Nikamwambia haraka haraka haina baraka.

Basi katoa sharti. Nina mpaka Jumapili baada ya kanisa. Apatikane mgeni mmoja, wa gari lolote, aliyelala hapa siku tatu mfululizo kwa hiari yake. Akipatikana, uwanja unabaki kwangu. Asipopatikana, anampa binamu yetu Kahindi alete kuku wake mia nne kutoka Kibarani. Chumba changu cha pembeni kitakuwa ghala la chakula cha kuku.

Chakula cha kuku! Chumba ambacho baba alinifunzia kusoma ramani ya barabara! Nimeumia. Lakini sina wasiwasi. Kache hajui siri yangu: Alhamisi wanakuja Wajerumani wawili na lori-nyumba lao. Wameniandikia kwenye simu. Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi. Siku tatu kamili! Nimefagia chini ya mwarobaini, penye kivuli na bomba la maji. Nafasi ya Wajerumani.

Jioni. Balaa. Limeingia gari kuukuu, zamani lilikuwa la kusambaza mikate. Ubavuni bado limechorwa mkate. Ndani mzee Musyoka, mstaafu wa reli, na mkewe mama Naomi. Wametoka Machakos. Humo ndani wamejitengenezea kitanda, jiko na friji ndogo. Walikuwa wameona tangazo langu. Kwa huruma yangu nikawakubalia. Mzee akaelekeza kidole chini ya mwarobaini. Nikamwambia hapo ni pa Wajerumani. Akauliza Wajerumani wako wapi. Nikamwambia watafika Alhamisi. Akahesabu kwa vidole, Jumatatu, Jumanne, Jumatano, kisha akawasha gari.

Nimewaweka kando ya choo. Pana mteremko kidogo, lakini hewa ipo.

Jumanne, 5 Agosti

Malalamiko kabla sijanawa uso. Mzee Musyoka anasema wamelala vichwa chini miguu juu, na alfajiri mkewe kaamka kabanwa mlangoni. Nikamshauri wageukie upande wa pili. Akasema upande wa pili ndiko kwenye jiko. Isitoshe, alinigongea saa kumi na moja apewe ufunguo wa choo, nisiamke. Ni kweli. Ufunguo nalala nao mwenyewe, choo kisije kuchafuka kabla ya Alhamisi. Mtu akihitaji aniite. Kuna ugumu gani?

Mzee hakubishana. Katafuta mawe manne bapa nyuma ya ukuta, kayaweka chini ya magurudumu, gari likakaa sawa. Fundi huyu! Kisha wakaenda Marikiti na gari lao kununua samaki. Nami nikayatazama yale mawe. Mawe mazuri. Ukubwa mmoja! Nilikuwa nawaza siku nyingi nitaipambaje nafasi ya Wajerumani kwa mbele.

Waliporudi mawe yalikuwa yamepakwa chokaa na yamepangwa mstari chini ya mwarobaini, yanang'aa. Mzee Musyoka kayatazama kwa muda mrefu. Nadhani yalimpendeza.

Mama Naomi alianika leso kwenye waya. Nikampeleka mbele ya ubao wa masharti (yako ishirini na moja), nikamwonyesha la kumi na nne. Akaianua mwenyewe, akasema sawa mwanangu. Mama muungwana sana. Nikamuuliza anapaonaje hapa. Akajibu kwamba hawana neno. Nimeandika kwenye kitabu cha wageni, ukurasa wa kwanza: “Hatuna neno.” Sifa hiyo!

Kwa Kache sitawataja. Aliposema mgeni alikusudia mgeni wa maana.

Jumatano, 6 Agosti

Siku ya tao. Mlango wa kambi hauwezi kuwa mtupu kama wa zizi. Nimemwita Dzoro, fundi wa kuchomelea, atengeneze tao la chuma juu ya lango: STAREHE KAMBI, KARIBUNI NYOTE. Dzoro akauliza liwe juu kiasi gani. Nikasimama, nikanyoosha mkono, nikamwambia hapo. Akauliza kama nimejua kimo cha lori la hao wageni. Nikamwambia achomelee, maswali awaachie mahakimu.

Mashine yake tuliichomeka kwangu. Kila ikitoa cheche, friji ya gari la mikate inazima. Mzee Musyoka akaja kueleza kwamba mkewe ana sukari, na dawa yake ya kudunga lazima ikae kwenye baridi. Nikamwambia avumilie mpaka jioni. Akaja tena. Safari hii nilikuwa nimeshika nguzo, nisingeweza kuiachia. Saa tisa, pa! Fyuzi yangu kuu imeungua. Uwanja mzima hauna umeme.

Mama Naomi akashuka mwenyewe, vichupa vyake vya dawa amevifunga kwa leso iliyoloweshwa maji, amevikumbatia kifuani. Nilipomwona nilimhurumia, siwezi kukataa. Lakini tao lilikuwa halijakaa sawa.

Sasa, ukuta wa jirani yangu Bi Maisara ni mfupi, na macho yake ni marefu. Mama huyu asili yake ni Kuze, kule Mji wa Kale, kaja kuolewa huku Ganjoni, na hajui kukaa bila ya kukaribisha mtu. Akaita juu ya ukuta: “Ndooni wanangu, nipeni hiyo dawa, friji yangu yafanya kazi!” Akaipokea. Kisha akasema hata gari waliingize kwake, uwanja alioachiwa na marehemu mumewe, alimokuwa akilaza mikokoteni ya kukodisha, haukai na kitu. Uwanja umesakafiwa, sawasawa kama meza.

Kufikia magharibi walikuwa wamehama. Mzee alinipa mkono, akanishukuru. Siku mbili tu wamelala. Mwiba umejitoa wenyewe! Tao limesimama. Sasa kambi ina hadhi.

Alhamisi, 7 Agosti

Sijui nianzie wapi.

Lori la Wajerumani limefika saa nne. Kubwa! Ghorofa! Nimesimama langoni na shati la kanisani, mikono nimeifungua. Likaja taratibu, likafika kwenye tao, likasimama. Kichwa kimepita. Nyumba haikupita. Imezidi tao kwa kiasi cha shubiri mbili.

Nikamwita Dzoro alikate. Kaja mbio na mashine. Akauliza aichomeke wapi. Umeme wenyewe uliungua jana kwa mashine hiyo hiyo, na fundi wa umeme kasema Jumamosi. Dzoro akatoa msumeno wa mkono, akaanza kukereza chuma polepole. Nyuma ya lori tuktuk zimejaa hadi barabara kuu, honi juu ya honi. Mwanamume mmoja kanitukania ukoo mzima.

Wajerumani wakashuka kunyoosha miguu. Wakausoma ubao wa masharti wote, wakaupiga picha. Nikafurahi. Kisha wakachungulia juu ya ukuta mfupi. Wakaona gari la mikate limekaa kivulini. Mzee Musyoka kwenye kibao, chai mkononi. Leso za mama Naomi zimeanikwa kamba nzima, hakuna anayemuuliza. Bi Maisara anachoma mahamri.

Hawakuniuliza mimi. Walimuuliza mzee Musyoka! Kumbe ndivyo walivyo watu wa magari haya, mwenye kambi humsalimia tu, habari za usingizi huziuliza kwa mwenzao aliyelala. Nilitega sikio. Mzee hakunisema vibaya hata kidogo. Aliwaambia tu kwamba hapo kwa Bi Maisara mtu hulala sawa.

Lori likarudi nyuma, likaingia kwa Bi Maisara. Lango lake halina tao. Halina hata jina!

Mchana Bi Maisara kaniletea sahani ya mahamri na mbaazi za nazi. Nimekula, maana hasira zinahitaji nguvu. Sahani nimeirudisha tupu, bila hata ndimu moja ndani, ajue nimechukia. Karudisha sahani ile ile, imejaa tena. Mwanamke huyu ana vita vya ndani kwa ndani.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimepiga hesabu. Mzee Musyoka alilala Jumatatu na Jumanne. Ikikubalika kwamba Jumatano alilala ukutani kwangu, upande wa pili tu, hizo ni tatu. Nimekwenda kumwomba amwambie Kache hivyo. Akacheka mpaka akakohoa, kisha akaniambia kwa upole kwamba alifanya kazi ya reli miaka thelathini na moja na hajawahi kuandika treni imefika kituo ambacho haikufika.

Basi nikamtaka anieleze kinaganaga kosa lilikuwa nini. Akasema hawakuhitaji makubwa. Kulala sawa, umeme usiokatika, choo kisicho na mtu wa kuamshwa, na kuambiwa karibu kisha waachwe wapumzike. Nikangoja aendelee. Kumbe amemaliza. Tao hakulitaja kabisa!

Halafu akatamka neno lililonikata maini. Walikuja wakae kwangu mwezi mzima. Zamani, akiwa kijana wa reli, walipanga chumba mtaa huu huu, na mtoto wao wa kwanza kazaliwa hapa. Sasa macho ya mama Naomi yanafifia kwa ile sukari. Alitaka apaone Ganjoni tena, na Mji wa Kale, kila jioni kidogo kidogo, maadamu bado anaona.

Mwezi mzima! Kache alitaka siku tatu.

Nimerudi nikakaa chumbani, nikaona aibu. Aibu kweli, machozi yakanilenga. Imedumu kama dakika tano. Kisha nikakumbuka kwamba hawakuniambia siku ile ya kwanza kuwa watakaa mwezi. Mtu usipomwambia, atajuaje?

Jumamosi, 9 Agosti

Mvua. Fundi kaja, umeme umerudi. Dzoro kalikata tao. Sasa linaweza kupita lori la kimo chochote.

Hakuna lori.

Jumapili, 10 Agosti

Kache kaja kutoka kanisani na Biblia yake mkononi. Kazunguka uwanja mara moja. Nikamwonyesha kitabu cha wageni, “Hatuna neno.” Akaenda hadi ukutani, akamwamkia mama Naomi, akamuuliza kama ni yeye aliyesema hivyo. Mama akakubali, akasema mimi ni kijana mwenye adabu na tulikaa vizuri. Kache akauliza, sasa mbona mnalala kwa jirani? Mama Naomi akainama, akapanga vikombe ambavyo vilikuwa vimeshapangwa.

Nilitegemea makelele. Hakupiga makelele, na hilo ndilo lililoniogopesha. Kakaa kwenye kiti cha baba mlangoni pa chumba changu. Akasema Kahindi yuko tayari, anangoja simu tu. Akasema baba alikuwa akilaza madereva kumi humu, wa kila kabila, na hakuna aliyewahi kuondoka kwa hasira. Akaanza kulia. Dada yangu sijamwona akilia tangu matanga. Nami nikalia, kwa dhati, nikamwambia anipe nafasi moja tu.

Kanipa! Kesho anawaleta watu wake wawili, wanaomheshimu, shule zimefungwa na wanatafuta pa kupumzika. Watalala siku tatu. Wakiridhika, Kahindi atafute uwanja mwingine. Kazi yangu ni moja, niwapokee. Nikamuuliza ni kina nani. Akakataa kusema. Eti nikijua nitaanza kujitayarisha.

Damu nzito kuliko maji. Hii safari sitaharibu.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimeamka saa kumi. Nimefagia mara mbili. Choo kiko wazi, ufunguo umening'inizwa mlangoni kwa kila mtu. Ubao wa masharti nimeuteremsha (niliyabakisha manne tu, ya lazima, kwenye karatasi). Nafasi nzuri ya chini ya mwarobaini imesawazishwa kwa pima maji aliyoniazima mzee Musyoka. Asije mtu akasema sikujifunza.

Nimefikiri sana hao watu wawili ni nani. Wanamheshimu Kache. Shule anayofundisha ina wazazi wenye vyeo. Bila shaka ni wakubwa kutoka wizarani, au mzungu mfadhili na mkewe.

Saa sita nusura mambo yaharibike. Kimeingia kigari kidogo chenye vumbi, hema limefungwa juu kwa kamba ya katani. Kijana amejiita Levi, na mkewe Stacy, amevaa kandambili. Wakataka kuegesha pale pale chini ya mwarobaini! Nikawaambia kwa heshima zote kwamba pamejaa. Kijana akatazama uwanja mtupu, akaanza kusema wameelekezwa na mwalimu. Nikamkatiza. Mombasa hii kila mtu kaelekezwa na mtu. Nikawaeleza kuwa nina wageni wakubwa wa dada yangu, nafasi ni yao, na hata nyingine siwezi kutoa, wageni wa aina ile hawapendi msongamano. Stacy akamvuta mkono mumewe, wakaondoka. Wamegeuza gari kwa Bi Maisara, yeye hachagui.

Sasa ni saa kumi na moja. Nimevaa shati la kanisani. Kahindi kapiga simu kuuliza upana wa lango, nikamwambia asijichoshe.

Wageni wa Kache bado hawajafika. Watu wenye vyeo ndivyo walivyo, hawana ahadi.