Mkamwana Wangu Karudishwa Mlangoni kwa Hasheem

Kisondela, Tukuyu
11 Novemba 1996

Ndugu Mhariri wa Gazeti la Mlimani Wiki,

Pokea salamu za mvua kutoka Kisondela. Mimi ni Ambindwile, mkulima wa ndizi, mzee wa kanisa mwaka wa kumi na tisa sasa, na msomaji wako mwaminifu kila ninapofungiwa chumvi kwenye gazeti lako. Si mtu wa kulalamika. Hata chama kimoja kilipogeuka vyama chungu nzima nilinyamaza, nikasema wakubwa wanajua. Lakini hili la namba kwenye mikanda ya video limenifika shingoni.

Habari yenyewe ni hii. Jumamosi iliyopita mwanangu Meshaki alimchukua mkewe, Tusekile, wakashuka kwa miguu mpaka mjini Tukuyu, mtaa wa Msasani, kwenye banda la video la Hasheem. Mlangoni pamebandikwa karatasi kwamba mkanda wenye namba 18 hauruhusiwi kwa aliye chini ya miaka hiyo. Hasheem akamuuliza mkamwana wangu umri. Naye, kwa kuwa kalelewa kanisani na hajui kupindisha maneno, akasema kumi na sita. Akarudishwa. Meshaki alikuwa ameshalipa kiingilio, na hasara haipendi, kwa hiyo akaingia peke yake akautazama mkanda mpaka mwisho. Mkewe akakaa nje juu ya kreti ya soda, akinyeshewa.

Nimepanga malalamiko yangu kwa namba, maana naona siku hizi asiye na namba hasikilizwi.

1. Hiyo kumi na nane iliwekwa na nani? Kaseti zinatoka ng'ambo na namba zake zimeshapigwa, kama viatu vya mtumba, sisi huku tunalazimisha mguu uingie. Kwetu mtu mzima anajulikana kwa kazi. Tusekile anabeba mkungu wa ndizi kichwani kutoka Kisondela mpaka sokoni Tukuyu bila kupumzika. Huyo Hasheem akibebeshwa mkungu huo hafiki darajani. Sasa nani mtoto hapo?

2. Nilikwenda mwenyewe kuhakiki. Hasheem alinipokea kwa adabu, akanipa kiti cha mgongo, wala hakuniuliza umri, jambo lililoniuma kidogo. Ndani nikakuta benchi la mbele limejaa watoto wa darasa la tatu, waliopenya kwenye mabati nyuma ya banda. Hao ndio walionieleza nani adui na nani mwema, maana mimi nilichanganyikiwa mapema. Mtu alipigwa risasi sita akaendelea kukimbia. Walipofika mahali pa kubusiana nilifunika uso kwa kofia, nikawa nachungulia pembeni ili nijue wanamaliza saa ngapi. Walichelewa.

3. Nilimuuliza Hasheem ubaya wa mkanda ule ni nini. Akasema kuna kupigana na kuna mambo ya mke na mume. Nilicheka, Ndugu Mhariri. Tusekile ameolewa tangu baada ya Pasaka! Mambo ya mke na mume anakatazwa kuyaona ukutani, na nyumbani ndiyo kazi aliyoletewa. Kupigana je? Siku Meshaki alipomzaba makofi kwa sababu ya chumvi kuzidi, tulikuwa watu saba uani na hakuna aliyeuliza miaka. Alinyamaza, akapika upya. Mtu aliyelistahimili lile jambo lenyewe atadhurika na picha yake?

4. Hapa ndipo penye maumivu yangu. Hasheem ana daftari la waliorudishwa, na humo kaandika: Tusekile, mke wa Meshaki, miaka 16. Mwalimu Veronika wa Ibighi, aliyemfundisha Tusekile shule ya msingi, kalisikia hilo. Kwa muda mrefu huyu mama amekuwa akinisumbua, ati Tusekile alifaulu kwenda sekondari, ati alinyang'anywa nafasi. Mimi na baba yake tulimwambia mchungaji kwamba binti ana kumi na nane, na kwamba cheti chake cha ubatizo kililiwa na mchwa. Mchwa wa kwetu ni wakali, mchungaji mwenyewe anajua. Jambo likaisha vizuri, ng'ombe wakaenda, pilau ikaliwa. Sasa Mwalimu Veronika kasimama mbele ya kanisa zima, siku ya Bwana, akasema: "Kama ni mtoto mlangoni kwa Hasheem, ni mtoto hata kitandani kwa Meshaki." Mchungaji akainamisha kichwa. Sasa anataka cheti. Ndoa ya mwanangu, Ndugu Mhariri, inataka kuvunjwa na kaseti!

5. Kwa hiyo naomba wenye kupanga namba hizo wapange upya kwa kufuata hali halisi. Binti akiolewa, papo hapo ahesabiwe kumi na nane. Akilima ekari moja, aongezewe miaka miwili. Akinyamaza anapopigwa, aongezewe mitano, kwa kuwa hiyo ni busara ya uzeeni. Kwa hesabu hiyo Tusekile ana ishirini na tano, anamkaribia mumewe. Meshaki naye ana ishirini na sita lakini bado mama yake anampulizia uji. Huyo ashushwe mpaka kumi na moja, na mkanda ule asiuone tena.

6. Ikiwa hilo ni gumu, basi niletewe muhuri wa namba 18 niutunze nyumbani. Nina watoto wa kiume wengine wawili. Kila mkamwana akifika nitampiga muhuri mkononi kabla hajatua mzigo, na sitamsumbua Hasheem wala mchungaji.

Naomba uichape barua hii mapema, kabla Mwalimu Veronika hajafika kwa mkuu wa wilaya. Wasalimie wapanga herufi wako na mama watoto. Meshaki angekusalimu, ila amelala. Ndaga fijo, yaani asante sana, kwa kunivumilia.

Wako mwenye kumjua mtu mzima akimwona,
Mzee Ambindwile

Nyongeza: Utauona mwandiko ni mzuri. Si wangu, macho yangu yana ukungu tangu mwaka juzi. Nimemwandikisha Tusekile, ambaye shuleni alikuwa wa kwanza darasani. Kwa mila zetu mtu na mkamwana wake hawatazamani usoni, hivyo mimi nasema nikiwa ndani, yeye anaandika upande wa pili wa ukuta. Siwezi kumsogelea nikakagua, lakini namwamini. Bahasha ataifunga na kuipeleka posta mwenyewe.

Nyongeza ya mwandishi: Shikamoo, Mhariri. Baba mkwe amemaliza kusema, anasubiri chai. Maneno yote hapo juu ni yake, sikuongeza wala sikupunguza. Cheti changu hakikuliwa na mchwa. Kilikuwa chini ya godoro la mama mkwe, na ni yeye aliyenipa asubuhi hii. Njia ya posta inapita Ibighi, kwa hiyo nakipeleka kwanza kwa Mwalimu Veronika. Ukimwona Hasheem, mwambie sikumkasirikia. Tangu niolewe, yeye ndiye mtu wa kwanza kuniuliza nina miaka mingapi. Naomba barua uichape yote, na namba tatu usiipunguze.

Tusekile, miaka kumi na sita