Vita vya Kizuizini juu ya Mfalme Aliyepanda Chukudu

Tulieni, enyi watu wa Butembo, nyinyi wauza maharage na wauza petroli kwa chupa! Wekeni chini mizani, zimeni redio zinazotangaza kila wiki jina jipya la waasi, mkalie magunia yenu mtege masikio. Vita vikubwa vya miaka ile vitapata waandishi wake, hilo halina shaka. Lakini vita hivi, vilivyopiganwa asubuhi moja ya mwaka 2000 juu ya karatasi isiyozidi sahani kwa ukubwa, visipoandikwa vitapotea. Shahidi wake mkuu ni shujaa mwenyewe, naye kila akivisimulia idadi ya askari inaongezeka.

Shujaa huyo ni Éliakim, mwalimu wa historia, Simba wa Chaki, Bwana wa Koti Moja, ambaye miwani yake ilishikwa sikioni kwa uzi. Siku hiyo aliitwa aende Beni, katika komuni ya Ruwenzori, akatoe somo la mfano mbele ya walimu wenzake na mkaguzi: jinsi katuni ya siasa ya zamani inavyoweza kusimama kama shahidi wa historia. Shahidi alikuwa naye mmoja tu duniani, ukurasa wa gazeti la Ulaya la mwaka 1905 alioachiwa na padre mmoja aliyerudi kwao. Bila ukurasa huo angebaki na maneno matupu, na maneno matupu walimu wa Beni walikuwa nayo tele.

Katika ukurasa huo alichorwa mfalme wa Wabelgiji, mwenye ndevu, tumbo na nishani, amesimama juu ya chombo cha magurudumu mawili chenye usukani. Ni jicho gani la Butembo lingeona kitu kingine hapo ila chukudu, ile skuta ya mbao ya kusukumwa kwa mguu, inayoshusha viazi na makaa milimani? Basi Éliakim alifundisha, darasa baada ya darasa, kwa sauti iliyotikisa mabati, kwamba mfalme amepanda chukudu kwa sababu alipakia humo utajiri wote wa Kongo. Wanafunzi waliandika hivyo katika mitihani, naye akawapa alama nzuri kwa moyo mweupe.

Akaondoka alfajiri juu ya lori la kabichi, pamoja na Emérence, mwalimu wa jiografia, mwanamke wa maneno machache. Njiani wakakuta kamba imefungwa kutoka pipa hadi mkaratusi, na nyuma ya kamba, jeshi.

“Papa, iko nini mu ile farde?” askari mmoja aliuliza.

“Ni katuni, chef. Ya masomo.”

Askari akafungua jalada, akatazama, akawaita wenzake. “Eh! Muone! Ni commandant yetu! Tumbo ni yake, médailles ni zake. Na chukudu! Juzi alikamata chukudu za batu, leo banamuchora juu yake! We mwalimu, molakisi, utalala mu container.”

Lilikuwa konteina la chuma kando ya barabara, na aliyekuwamo alikuwa akigonga. Simba wa Chaki akarudi hatua mbili, akasimama nyuma ya Emérence.

“Prof,” alinong'ona Emérence, “kila siku unatuchokesha na bouche, na ile mudomo yako. Sasa ndiyo saa yake.”

Ndipo Éliakim akapanda juu ya jiwe, akainua kidole mbinguni, akahutubia: “Ba chefs! Bashujaa ya inchi! Katuni ni shahidi, na shahidi anaulizwaka! Nani alikuchora? Mwaka gani? Ulichekesha ba nani? Muangalie pale chini: 1905! Commandant yenu alikuwa amezaliwa?”

“Hata miye ninaweza kuandika 1905,” askari akajibu.

Pigo hilo lilimwingia shujaa mbavuni. Ndilo jibu alilotamani miaka yote mwanafunzi mmoja ampe, na sasa lilikuja likiwa limeshika bunduki. Alimhusudu askari yule, akamwogopa pia. Akavua miwani, akaifuta, na kwa mara ya kwanza tangu aachiwe ukurasa ule, akautazama.

“Chef, wewe unajua chukudu?”

“Miye mutoto ya Kayna! Baba yangu alikuwa chukudeur.”

“Donc unionyeshe pahali ya kuweka goti.”

Askari akatafuta ile ndala iliyopigiliwa misumari, ambapo msukumaji hukunja goti. Hakuna.

“Frein, ya kusimamisha, iko wapi? Mizigo utafunga wapi?”

“Hapana frein. Hapana mizigo.” Askari akakuna kichwa. “Hii haiwezi kubeba hata ndizi! Ni chukudu ya nini?”

“Hapana chukudu!” Éliakim alinguruma. “Ni kitu ya kuchezea ya batoto ya Bazungu! Muchoraji anasema: huyu mufalme anachezea inchi ya batu sawa mutoto!”

Maneno hayo yalipomtoka, masikio yake yaliyasikia, na somo lake lote likaanguka chini na kufa. Ee aibu! Kizazi kizima cha Butembo kilikuwa kimempa mfalme mizigo ambayo mchoraji hakumpa. Aliona haya hadi kwenye nyayo.

Askari walikuwa wanacheka bado gari lilipofika. Likatangulia tumbo, akafuata komanda, bereti imelala sikioni, kidevu kina mikunjo mitatu. Kicheko kikafa.

“Munachekea nini?”

“Mufalme ya Bazungu, commandant!” askari wa Kayna akapiga saluti. “Shahidi ya 1905!”

Komanda akaishika katuni. Éliakim alitazama tumbo la karatasi, akatazama tumbo la nyama, akamkabidhi Mungu roho yake. Komanda akacheka mpaka nishani zikagongana. “Tumbo namna hii, na anapanda kitu ya batoto! Hana haya!” Akaikunja, akaitia mfukoni. “Nitaibandika ku bureau.”

“Mais commandant, ni source ya—”

Emérence akamkanyaga mguu. “Merci mingi, commandant,” akasema, na kamba ikashushwa.

Hivyo shujaa aliingia Beni bila shahidi. Hakukimbia. Alichukua chaki na kumchora mfalme kwa kumbukumbu. Ndevu zilikataa kutoka. Kidevu kikajikunja mara tatu. Taji likalala sikioni. Aliporudi nyuma kuona kazi yake, aliyesimama ubaoni alikuwa komanda, na chumba kizima kilimtambua. Mwalimu Tamar aliyekaa mbele akainuka, akafunga mlango.

Kisha wakacheka. Na iandikwe kwamba katika miaka ile ya hofu walimu wa Beni walicheka mchana kweupe mpaka mkaguzi akalia machozi, nao wakampigia Éliakim makofi kwa vidole viwili ili wasisikike barabarani. Hivyo historia ikaandikwa, na mwandishi wake akaifuta haraka kwa mkono wa koti lake kabla mlango haujafunguliwa.