Kadi Mia Tano za Mkurugenzi

Jumatatu, 25 Mei

Padri kwenye semina ya wanandoa alituagiza kila mmoja awe na daftari la shukrani. Mke wangu Winnie aliandika mistari miwili akaacha. Mimi naendelea. Na leo nina la kushukuru mpaka ukurasa hautoshi.

Kikao cha asubuhi. Mama Selina, mwenye kampuni, amesema tumekua. Kweli tumekua! Alianza na karai moja la dagaa wa kukaanga pale soko la samaki la Mwaloni, Kirumba. Leo tuna kiwanda Igoma, wafanyakazi thelathini na wawili, na pakiti zenye picha yake akicheka. Sasa anataka Mkurugenzi wa Masoko. Mtu mzito, kasema, wa kutufikisha Kanda ya Ziwa nzima. Nikasimama. Akasema kaa, Venant, sijamaliza. Nikakaa. Akamaliza: mimi, ofisa utawala wake, niandike tangazo, nipokee maombi, nimpelekee watu wawili wa kusailiwa.

Mimi! Mpango umenijia hapo hapo kitini. Nitampelekea wawili wabovu kuliko wote. Atawasikiliza, atakata tamaa, atageuka. Na nani atakuwa amekaa pembeni, shati limenyooka, kalamu mfukoni?

Nimemweleza Winnie. Akauliza kama nimewahi kuuza kitu chochote maishani. Nikamkumbusha ile baiskeli. Akanikumbusha kwamba ilirudishwa.

Jambo moja limenitoka mdomoni mapema kidogo. Nimempigia baba yake Winnie, Mwalimu Paulo, mstaafu wa kule Butimba, nikamwambia nimeshapandishwa cheo. Miaka kumi na moja mzee huyu ananiita "yule karani". Leo kasema, "Hongera sana, mwanangu." Mwanangu! Nilikata simu nikaenda kusimama uani peke yangu, macho yananiwasha. Sasa hii kazi lazima niipate. Kurudi kuwa karani siwezi tena.

Asante Mungu kwa baba mkwe.

Jumatatu, 1 Juni

Maombi arobaini na matatu. Watu wana shahada mbili mbili! Mmoja ameuza sabuni nchi nzima. Nimeshukuru kwamba yamepita mikononi mwangu kwanza, nikayapeleka stoo, arobaini na moja, nyuma ya magunia ya chumvi.

Nimebakiza mawili. La kwanza ni la mama mmoja wa Kisesa, Rebeka Masele, umri hamsini na sita. Barua ya mkono, karatasi ya daftari la mistari. Kwenye uzoefu wa kazi ameandika sentensi moja: "Nimekusanya watu kwa miaka ishirini na sita." Hasemi wa nini. Hasemi wapi. Mtu hata kujieleza hawezi! Nimembusu yule mama kwenye bahasha.

La pili ilibidi liwe la mtu wa maana, Mama Selina asije akashtuka. Nimemchagua Collins Ojuok, kijana wa Shirati, suti kwenye picha, Kiingereza kwenye kila aya. Huyo nitamshughulikia mwenyewe.

Asante kwa magunia ya chumvi.

Jumatano, 3 Juni

Usaili. Jana nilimtumia Collins ujumbe wa heshima: usaili utafanyika tawi letu la Busisi, saa tatu kamili. Tawi la Busisi hatuna. Hatujawahi kuwa nalo. Nilimwona kwa macho ya moyo anavuka daraja lote lile la ziwani na suti yake, anafika ng'ambo, anawauliza mbuzi.

Mama Rebeka akafika Igoma saa mbili na nusu. Shikamoo, marahaba, akaketi. Kitenge, kandambili safi, mkoba wa ukili. Mama Selina akamuuliza atafanyaje ili watu wanunue dagaa wetu. Akajibu kwamba mtu hafuati bidhaa, mtu anafuata watu. Ukipata kumi waliogeuza shingo, wa kumi na moja haitwi. Basi. Nikamtazama Mama Selina kwa huruma, maana alikuwa anaandika. Nilidhani anaandika vitu vya sokoni.

Saa tano simu ya ofisi ikalia, Mama Selina akaiweka kwenye spika. Collins! Yuko Busisi. Anaomba radhi, tawi hajaliona. Ila kwa kuwa alishafika, na njiani alinunua pakiti zetu ishirini ili aonje anachokuja kukiuza, ameingia duka kwa duka akiwaonjesha. Ana oda ya katoni sitini. Aziandike kwa jina gani?

Mama Selina akanigeukia. Tawi gani la Busisi, Venant?

Jasho. Nikasema ulikuwa mtihani wa vitendo.

Akapiga meza. Mtihani mzuri! Hajawahi kuona usaili wa namna hiyo! Na kwa kuwa umezaa matunda, tufanye na wa pili. Jumapili watu wote watakuwa Bujora kwenye ngoma za sikukuu ya Bulabo. Kila msailiwa apewe meza na katoni kumi. Atakayewavuta watu ndiye mkurugenzi.

Nikaona mlango umefunguka. Nikaomba na mimi niingie, mtu wa ndani, wa tatu. Alicheka mpaka akashika mbavu, halafu akasema haya Venant, ingia, na meza uzipange wewe.

Nimesifiwa na nimeingia. Siku moja! Asante, asante, asante.

Ijumaa, 5 Juni

Nimeupanga ushindi kama mtu anayepanga harusi yake.

Kila mtu wa huku anajua ngoma za Bujora zinavyokwenda. Wagika na Wagalu, vyama vyetu viwili vya ngoma, wanacheza uwanja mmoja, wakati mmoja, kila chama upande wake. Hakuna wa kutoa alama. Watu wenyewe wanahama, na upande uliojaa ndio umeshinda. Sisi kwetu ni Wagika tangu babu. Baba yangu mdogo Mayala ni mzee wao, na ameninong'oneza kwamba mwaka huu wana chatu wa kucheza naye, mwenye urefu wa kutisha. Miaka mitatu mfululizo Wagalu wamecheza mbele ya nyasi, bila watazamaji.

Kwa hiyo: meza yangu upande wa Wagika. Meza ya Collins kule wanakoegesha magari. Meza ya Mama Rebeka kwa Wagalu, maskini, akae na nyasi.

Winnie akauliza Mama Selina ni wa upande gani. Nikamwambia Mama Selina ni mtu wa kanisa na biashara, hana upande. Winnie akasema hakuna Msukuma asiye na upande. Wanawake wana wasiwasi mwingi.

Nimeazima kipaza sauti cha mkononi kwa muuza dawa ya panya. Nimechapisha pia kadi mia tano: Venant Shimba, Mkurugenzi wa Masoko. Herufi za dhahabu. Baba mkwe anakuja Jumapili kujionea. Asante Mungu kwa chatu.

Jumapili, 7 Juni

Naandika nikiwa nimekaa upande mmoja, goti limevimba.

Ilianza vizuri. Baba mkwe alifika na koti na fimbo. Nikampa kadi. Akaisoma kwa sauti, akaitia mfuko wa kifuani, akanipiga bega. Kama siku ingeishia hapo!

Wagika wakamtoa chatu. Umati ukajaa upande wangu, mamia kwa mamia! Lakini wote wamenipa mgongo. Nani anunue dagaa wakati nyoka anavishwa mtu shingoni? Nusu saa, pakiti mbili. Moja aliinunua baba mkwe.

Ng'ambo, kwa Wagalu, ngoma ikanyamaza ghafla. Nikachungulia. Mama Rebeka kasimama katikati ya uwanja. Nikamuuliza jirani yule mama ni nani. Akanishangaa. Wewe humjui? Baba yake alikuwa manju, kiongozi wa ngoma wa Wagalu, na yeye ndiye mkusanyaji wao, kazi yake ni kuvuta watu, miaka zaidi ya ishirini. Mitatu iliyopita alikuwa anaumwa.

Miaka ishirini na sita! Kumbe ni hiyo!

Wachezaji wakaingia na nyungo kichwani zimejaa dagaa wetu. Wanatupa juu, wanadaka kwa mdomo, haanguki hata mmoja. Kisha kimya tena. Akawaambia watu kwamba kinachofuata hakijawahi kuonekana Bujora, na kitaanza kila aliyepo akishapata cha kutafuna. Shingo zikaanza kugeuka. Kumi. Watu wangu wakaanza kuondoka mmoja mmoja.

Nikashika kipaza sauti. Nikapanda juu ya meza. Nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote: msikimbie! Jamani msikimbie! Rudini nyuma!

Sasa, ukiwa umesimama hatua sita kutoka kwa chatu, na mtu nyuma yako anapiga kelele kwenye kipaza sauti kwamba usikimbie, utafanya nini?

Walikimbia wote. Akina mama, katekista, aliyekuwa amemshika chatu mkiani. Walivuka uwanja kama ng'ombe walioona maji, moja kwa moja mpaka meza ya Mama Rebeka. Mimi nilianguka na meza. Chatu peke yake ndiye aliyebaki upande wa Wagika, ametulia.

Katoni zake kumi ziliisha. Akachukua zangu, zikaisha. Collins, kule kwenye magari, alikuwa ameshawauzia madereva zote kumi akisubiri, na akaja kumsaidia kugawa.

Baba mdogo Mayala akanijia na fimbo. Kanitangazia mbele ya ukoo kwamba mimi si Mgika tena mpaka nitakapocheza uwanjani mwakani, mimi na nyoka. Namwogopa nyoka kuliko kitu chochote.

Na nani alikuwa mbele kabisa ya Wagalu, viatu mkononi, anapiga vigelegele? Mama Selina. Mgalu wa kuzaliwa! Alinikumbatia mpaka goti likalia. "Venant, mwanangu, umetushindia! Miaka mitatu tunaaibika!" Anadhani nilifanya makusudi.

Kisha baba mkwe akafika. Akamsalimia Mama Selina, akaitoa ile kadi, akamwambia amefurahi kumwona mtu aliyemwamini mkwe wake mpaka kumpa ukurugenzi.

Ardhi haikupasuka. Niliiomba ipasuke. Mama Selina akaisoma kadi. Akanitazama mimi, na meza yangu iliyolala chali. Nilishaanza kufungua mdomo nikiri, kweli nilikuwa nakiri, naapa.

Akasema, "Mzee wangu, bila huyu Venant, leo kampuni yangu isingekuwa na mkurugenzi wa masoko." Akamrudishia kadi.

Kila neno lilikuwa la kweli. Mzee akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Mimi nilikwenda nyuma ya gari nikalia kama mtoto. Mama yule hakuwa na sababu hata moja ya kunisitiri. Nimeshukuru kila siku humu kwenye daftari, lakini leo ndiyo nimeshukuru.

Jumatatu, 8 Juni

Mama Rebeka Masele ni Mkurugenzi wa Masoko. Ameingia na kandambili zile zile. Collins anakwenda kufungua tawi la Busisi. Lile lile langu! Limeshapata na mpangaji.

Mama Selina akaniita ofisini. Mezani pake kulikuwa na rundo la karatasi zimejaa chembe za chumvi. Arobaini na moja. Nikasema shikamoo mara mbili.

Akasema aliziona Jumatatu ile ile nilipozificha. Ameuza dagaa Mwaloni miaka kumi na minane, na mtu anayeficha kitu anamjua kwa jinsi anavyosimama. Alitaka kunifukuza Jumatano. Halafu akawasikiliza wale wawili, akapiga hesabu: kati ya watu arobaini na watatu nimemletea wawili aliowahitaji. Jinsi nilivyofanya hataki kujua. Kazi yangu ninayo. Ila kadi zile nizichome.

Nilimwahidi kwa machozi. Sitatunga mpango tena maisha yangu yote. Nimemwambia Winnie hivyo hivyo. Winnie ameniwekea maji ya moto kwenye goti. Asante kwa Winnie.

Jumatano, 10 Juni

Oda zimezidi. Geita, Sengerema, Kahama. Mama Selina amesema tumekua tena. Tunahitaji Mkurugenzi wa Usafirishaji, na kwa kuwa nina mkono mzuri, tangazo niandike mimi, maombi nipokee mimi, ila safari hii yote apelekewe mezani.

Yote. Nimeelewa. Lakini hakusema yapangwe vipi. Linalokaa juu ndilo linalosomwa.

Sijui kuendesha gari. Lakini mkurugenzi haendeshi, anaendeshwa.

Ombi la kwanza limeletwa leo kwa mkono. Mama wa Igombe. Ameandika kwa penseli! Uzoefu wa kazi, sentensi moja: "Nimevusha watu na mizigo miaka thelathini, hakijazama kitu." Hasemi kwa chombo gani. Huyu hana madhara kabisa. Nimemweka juu.

Kadi sijazichoma, ni uharibifu. Zipo mia nne tisini na tisa. Nimekaa na rula na kalamu nyeusi, nakata "Masoko", naandika "Usafirishaji" juu yake. Inapendeza tu.

Nimempigia baba mkwe, asije akasikia kwa watu. Nimemwambia nimehamishwa idara.

Kasema hongera, mwanangu. Asante Mungu.